Boila la kuni liko mbali na nyumba: piga hesabu ya bomba na pampu kabla hujachimba mtaro

Januari moja jamaa kutoka Bukavu, anayeishi huku Maine na familia yake, alinipigia simu usiku. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani ya shamba na nyuma ya nyumba, futi 200 hivi, kuna boila la kuni la nje, lile linalofanana na kibanda cha bati chenye bomba la moshi, linapasha maji yanayopelekwa kwa bomba hadi redieta za ndani ya nyumba. Akaniambia "Kaka, hii ni pompe ya tatu, na nyumba iko baridi tu." Boila linasoma digrii 178 za Farenihaiti (kama 81 za Selsiasi), kuni zinaisha kama karanga, na sebuleni ni digrii 58, watoto wamevaa makoti ndani. Pampu ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, na bado.

Naandika huu mwongozo kwa sababu ya simu zile, manake nimeshakutana na hili jambo mara nyingi kwa wenzetu wanaohamia vijijini huku Maine, Vermont, Wisconsin, Minnesota, unanunua nyumba unakuta boila tayari au unataka kuweka lako, na kila mtu swali lake la kwanza ni "ninunue pampu gani?" Hilo ni swali la mwisho jamani. Pampu unaibadilisha nusu saa na spana mbili, bomba likishafukiwa futi nne chini ya ardhi ndo limefukiwa. Mpangilio ni joto kwanza, alafu maji, alafu bomba, alafu ndo pampu. Twende hivyo hivyo.

Hatua ya 1: jua nyumba inakula joto kiasi gani

Usisome namba iliyobandikwa ubavuni mwa boila. Hiyo ni nguvu ya boila, sio njaa ya nyumba. Boila linaweza kuandikwa BTU 200,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) na nyumba yako usiku wa baridi kali inataka 50,000 tu, ukipima bomba kwa namba ya boila utalipia bomba la bei mbaya bure.

Kama nyumba ilikuwa inatumia mafuta ya kupashia (huku Maine ndo nyumba nyingi) tafuta risiti za mwaka mzima, mwombe hata mwenye nyumba wa zamani au kampuni iliyokuwa inaleta mafuta. Ya jamaa yangu ilikuwa inakula galoni 1,200 kwa mwaka. Galoni moja ya mafuta ina BTU 138,500, na boila la mafuta la kawaida tuseme linatoa asilimia 80 ya hiyo ndani ya nyumba. Kwahiyo 1,200 × 138,500 × 0.8 inakuja kama BTU milioni 133 kwa mwaka.

Sasa unaigawa kwa baridi ya sehemu unayoishi. Watu wa hali ya hewa wana kipimo kinaitwa siku-digrii za kupasha joto, yaani kila siku wanaangalia wastani wa joto la nje uko digrii ngapi chini ya 65, wanajumlisha mwaka mzima. Portland Maine ni elfu saba na kitu, mimi natumia 7,200. Zidisha kwa saa 24 unapata 172,800. Milioni 133 gawa kwa hiyo ni kama 770, maana yake nyumba inapoteza BTU 770 kwa saa kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Usiku wa digrii 0 ya Farenihaiti (hiyo ni hasi 18 ya Selsiasi) tofauti kutoka 65 ni 65, zidisha, BTU 50,000 kwa saa. Hiyo ndo namba ya nyumba. Mimi nikaongeza kidogo kwa ajili ya maji ya kuoga na zile siku mbili tatu ambazo baridi inapita kipimo, nikaweka 60,000.

Kama unatumia propani, galoni yake ina BTU 91,500, hesabu ni ile ile. Na kama huna risiti yoyote, kwa nyumba ya zamani isiyozibwa vizuri watu hukadiria BTU 30 hadi 40 kwa kila futi ya mraba, lakini hayo ni makadirio ya juu, risiti haidanganyi.

Ukiwa na mpango wa kupasha gereji au banda la kuku baadaye, liingize sasa hivi kwenye hesabu, usiseme nitaongeza mbele ya safari.

Hatua ya 2: geuza joto kuwa maji

Fomula ni moja tu na nakuomba uiandike ukutani:

BTU kwa saa = galoni kwa dakika × 500 × tofauti ya joto

Hiyo 500 haikutoka hewani, galoni moja ya Marekani (lita 3.8 hivi) ina uzito wa paundi 8.33, zidisha kwa dakika 60 unapata 500. Tofauti ya joto ni maji yanayoenda toa maji yanayorudi, yakienda 180 yakarudi 160 tofauti ni 20, na 20 ndo watu wengi wanapangia.

Kwahiyo 60,000 gawa kwa 500 × 20, ni galoni 6 kwa dakika. Ukitaka BTU 100,000 ni galoni 10. Rahisi hivyo.

Unaweza kupanga tofauti ya 30 badala ya 20, hapo 100,000 inabebwa na galoni 6.7 tu, lakini angalia vitu viwili. Cha kwanza, redieta zako: zile ndefu za chini ya ukuta zenye mapezi zinatoa kama BTU 550 hadi 600 kwa futi zikipata maji ya 180, maji yakipoa zinatoa kidogo. Cha pili, maji yakirudi kwenye boila chini ya digrii 140 moshi unaganda kwenye kuta za chumba cha moto, unapata kriosoti (lami ya moshi) na majimaji yenye asidi yanayokula chuma. Kuna valvu ya joto inayochanganya maji moto na yanayorudi mpaka yafike 140 ndo yaingie boila, iweke, ni hela ndogo ukilinganisha na boila jipya.

Hatua ya 3: bomba, na hapa ndo nitakaa sana

Kitu cha kwanza watu wanachosahau: nyumba ikiwa futi 200 kutoka boila, bomba ni futi 400. Maji yanaenda na yanarudi, na yanasuguana njia zote mbili.

Msuguano tunaupima kwa futi za hedi, ukiona pampu imeandikwa hedi futi 20 maana yake ina nguvu ya kusukuma kinyume na upinzani wa futi 20 za maji (futi 2.31 ni sawa na psi 1, kile kipimo cha presha). Bomba linalotumika zaidi ni PEX (bomba la plastiki) yenye kizuizi cha oksijeni, na ujue hivi, PEX ya inchi 1 ndani sio inchi 1! Ni inchi 0.86. Ya inchi moja na robo ndani ni 1.05, ya moja na nusu ni 1.24, ya robo tatu ni 0.68. Watu wanalinganisha kwa macho dukani wanaona tofauti ndogo, lakini msuguano unafuata kipenyo kwa karibu nguvu ya tano, kwahiyo ukipunguza kipenyo kidogo tu upinzani unapaa.

Nimepiga hesabu kwa futi 400 zote, galoni 6 kwa dakika:

- robo tatu: karibu futi 70 za hedi, sahau kabisa
- inchi 1: kama futi 22
- inchi 1 na robo: kama futi 8 na nusu
- inchi 1 na nusu: kama futi 4

Na kwa galoni 10, bomba la inchi 1 ni futi 57, la moja na robo futi 22, la moja na nusu kama 10. Umeona? Kutoka inchi 1 kwenda moja na robo upinzani unashuka kwa zaidi ya nusu, na tofauti ya bei ya bomba ni ndogo ukiweka pembeni ya gharama ya kukodi eskaveta na kuchimba mtaro.

Lakini pia usikimbilie kubwa kabisa. Maji yanatakiwa yatembee angalau futi 2 kwa sekunde ili yaweze kubeba mapovu ya hewa, na ndani ya nyumba yakipita futi 4 yanaanza kupiga kelele. Galoni 6 kwenye inchi 1 na robo ni futi 2.2 kwa sekunde, vizuri kabisa. Kwenye moja na nusu ni 1.6, hewa itakaa humo na kukusumbua kila msimu. Kwahiyo kwa jamaa yangu jibu lilikuwa inchi moja na robo, bila ubishi. Yeye alikuta inchi 1.

Sasa insulesheni, kile kinachozuia joto lisitoke kwenye bomba. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona hela nyingi sana zikienda ardhini. Kuna bomba linauzwa bei rahisi, PEX mbili zimefungwa karatasi ya kung'aa yenye mapovu na kuvishwa bomba jeusi la mikunjo kama la kutolea maji ya mvua. Siku ya kwanza linafanya kazi. Mwaka wa pili maji ya ardhini yameingia ndani, na bomba lako la moto sasa linaogelea kwenye maji baridi mita sitini nzima. Dalili yake inaonekana bila kipimo, theluji imeyeyuka mstari ulionyooka kutoka boila hadi nyumba. Nilipofika kwa jamaa asubuhi ile, mstari ulikuwa pale, nyasi zinaonekana kabisa, kila mahali pengine theluji ya magotini.

Tukapima. Maji yalitoka boila digrii 178, yakafika kwenye basimenti (chumba cha chini ya nyumba) 168. Digrii 10 zimepotea njiani, na kwa galoni 6 kila digrii moja ni BTU 3,000, kwahiyo BTU 30,000 kwa saa zinapasha udongo kabla maji hayajaingia nyumbani, na bado hatujahesabu njia ya kurudi. Nusu ya kuni zake alikuwa anawapashia minyoo.

Nunua bomba lililojazwa fomu ya polyurethane (povu gumu la plastiki) kiwandani, fomu iliyoshikamana na bomba lenyewe na ganda la nje, maji hayana pa kupita. Hapo upotevu kwa umbali huu unakuwa digrii 1 au 2. Ni ghali, mara nyingi ndo kitu ghali kuliko vyote ukitoa boila lenyewe, na bado ningeambiwa nikate bajeti ningekata kitu kingine chochote.

Mtaro: hakikisha umeshuka chini ya kina cha kuganda kwa ardhi, Maine hesabu futi 4 na zaidi, Minnesota kusini futi tatu na nusu na kaskazini futi 5. Kabla ya kuchimba piga 811, ni namba ya taifa hapa Marekani, wanakuja kuweka alama za nyaya na mabomba ya gesi bure. Waya wa umeme wa pampu uweke kwenye konduiti yake (bomba la kulinda waya). Na uulize halmashauri ya mji wako kuhusu umbali wa boila kutoka mpakani na urefu wa bomba la moshi, kuna miji ina masharti makali.

Hatua ya 4: jumlisha upinzani wote

Bomba sio peke yake. Kama boila lako ni la wazi, lisilo na presha (ya nje mengi yako hivyo), maji yake hayachanganyiki na ya redieta, yanapita kwenye kibadilisha joto cha pleti kule basimenti, yaani bati nyembamba zinazopitisha joto bila maji kuchanganyika. Kila pleti zinavyokuwa chache upinzani unapanda, kwahiyo angalia karatasi ya mtengenezaji kwenye galoni zako, mimi napenda kuchukua pleti 30 au zaidi ili nisizidi futi 4. Kama nyumba ina fanesi ya hewa (tanuri linalopuliza hewa ya moto vyumbani), koili inayokaa juu yake nayo ina namba yake. Ongeza elbo (viungo vya kona), valvu, na chujio, kwa njia ndefu yenye kona chache mimi naweka asilimia 15 ya hedi ya bomba.

Kwetu: 8.5 ya bomba, 4 ya pleti, 1.5 ya vikorokoro. Jumla futi 14 kwa galoni 6.

Swali linakuja kila mara: nyumba iko juu ya kilima, niongeze urefu wa kilima? Hapana. Njia ikishajaa maji, maji yanayoshuka yanavuta yanayopanda, kama mnyororo wa baiskeli. Pampu inapigana na msuguano tu. Ila kilima kina tatizo lingine kwenye boila la wazi: sehemu yoyote ya bomba iliyo juu kuliko usawa wa maji ya boila, presha yake pampu ikizima inakuwa chini ya ile ya hewa ya nje, ikiwa futi 15 juu ni psi 6 na nusu chini. Hapo hewa inafyonzwa ndani, na maji ya moto yanaweza kuchemka mapema. Ndo maana kibadilisha joto kikae chini kadri inavyowezekana, basimenti, na usiweke ile valvu ya kutoa hewa ya otomatiki huko juu, itageuka kuwa ya kuingiza hewa.

Hatua ya 5: sasa ndo pampu

Pampu zina namba mbili kwenye boksi, hedi ya juu na galoni za juu, na zote mbili hazikusaidii, kwa sababu hedi ya juu ni wakati maji hayatembei kabisa na galoni za juu ni wakati hakuna upinzani. Unachotaka ni mchoro wake, ule mstari unaopinda. Tafuta galoni 6 chini, panda mpaka futi 14, nukta yako iwe chini kidogo ya mstari, maeneo ya katikati. Pampu ndogo kama Taco 007 inaishia kama futi 11, haifiki. Grundfos UPS 15-58 inaishia futi 19 na kwa nukta yetu iko mpakani, ningepanda ngazi moja juu yenye spidi tatu au ile inayojirekebisha yenyewe, nikaendesha spidi ya kati.

Sasa urudi kwenye bomba la inchi 1 la jamaa. Pampu ya kwanza ya hedi futi 11 ilikuwa inampa galoni tatu na nusu hivi, BTU 35,000. Akaweka ya hedi futi 30, karibu mara tatu, akapata karibu galoni 6. Hedi mara tatu, maji hayajafika hata mara mbili, kwa sababu upinzani unapanda haraka kuliko maji. Na umeme je? Pampu ya wati 200 saa 24 siku 200 ni yuniti 960, ukilipa senti 25 ni dola 240 kila msimu. Ya wati 90 ni dola 108. Kila mwaka, miaka yote bomba likiwa chini.

Pampu iweke upande wa boila, kwenye tundu la kutokea la chini, isukume kuelekea nyumbani, shafti ilale mlalo, na boli valvu (za kufungia maji) pande zote mbili ili siku ikifa hutoi galoni mia mbili za maji kwenye theluji. Ukiiweka mwisho wa njia kule nyumbani ivute maji ya digrii 180 kupitia futi 200, presha inashuka mbele yake na maji yanachemkia ndani ya pampu, utasikia kama inasaga kokoto.

Kama bomba dogo limeshafukiwa na huna hela ya kuchimba mwaka huu: kubali tofauti ya joto 30, au funga pampu mbili zikifuatana (hedi zinajumlishwa, ukizifunga sambamba kwenye njia yenye upinzani hupati kitu), au laza jozi ya pili ya bomba la inchi 1 pembeni, ukigawa galoni 10 kuwa 5 na 5 upinzani unashuka kutoka futi 57 hadi 16.

Hatua ya 6: jaza, toa hewa, pima

Jaza maji kutoka sehemu ya chini taratibu, weka dawa ya kuzuia kutu ambayo mtengenezaji wa boila anataka na uwe unaipima kila mwaka, boila la wazi linapumua oksijeni muda wote. Fungua sehemu ya kutolea hewa mpaka maji yatoke bila kutema. Umeme ukikatika usiku wa hasi 18 bomba lililo chini ya kina cha kuganda litavumilia, wasiwasi ni vipande vilivyo juu ya ardhi nyuma ya boila, hivyo uwe na jenereta ndogo au uweke glaikoli (dawa ya kuzuia maji yasigande), na ukiweka glaikoli rudia hesabu ya pampu manake ni nzito na inabeba joto kidogo.

Jamaa alichimba upya mwezi wa tano, akalaza inchi moja na robo yenye fomu, yeye na shemeji zake wawili wikiendi mbili. Na ambacho nilimwambia nakwambia na wewe: funga vipima joto vinne, viwili kwenye boila na viwili kwenye basimenti, kwenda na kurudi. Usiku wa baridi wa kwanza visome vyote. Kwenda boila toa kwenda basimenti ikizidi digrii 2 insulesheni ina tatizo. Kwenda basimenti toa kurudi basimenti ikizidi 25 maji ni machache, angalia hewa na chujio kabla hujagusa pampu. Ikiwa 10 na nyumba ina baridi, maji yapo tele, tatizo liko kwenye redieta au pleti. Ziandike hizo namba nne kwenye kipande cha karatasi, gundisha pale kwenye bomba na tarehe, ili mwakani ukihisi kitu kimebadilika uwe na cha kulinganisha.